Aliyenichagulia Lenzi

Huyu mtu nitamwita Fundi. Soko zima la Mbumbuni lilimwita hivyo, mke wake alimwita hivyo, na mbuzi wake wakiingia shamba la mtu, kilio kilikuwa kwamba mbuzi wa Fundi wamemaliza kunde. Alizaliwa wapi, babake alikuwa nani, ukoo gani, hayo waulizeni wanaopenda kuhesabu koo. Mimi nilimjua kwa kazi. Na kwa muda mrefu nilifikiri mtu ukimjua kwa kazi umemjua.

Alikuwa na mikono mikubwa, mikono ya kuchimba matuta, lakini ikishika kamera ilikuwa laini kama ya mama anayemvua mtoto viatu bila kumwamsha. Hakupenda kelele. Wapiga picha wengine wa wakati ule walikuwa wanapiga makofi, tabasamu, tabasamu, mpaka bibi harusi anakasirika. Fundi alisema neno moja: "Pumueni." Watu wakitoa pumzi, mabega yakashuka, hapo ndipo alipobonyeza. Hilo alinifundisha yeye na silikani. Hata leo mtu akija kwangu kupigwa picha ya pasipoti namwambia apumue, na picha inatoka kama mtu, si kama mshtakiwa.

Chakula chake kilikuwa muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kuchemshwa na maharagwe, tena lazima uwe umelala. Kwenye harusi akipewa pilau alikula kwa heshima, kisha akifika kwake aliuliza muthokoi wa jana uko wapi. Kanisani alikaa benchi la nyuma kabisa. Mchungaji alipomwita aje mbele na wazee wenzake, alisema kutoka nyuma anaona kanisa lote. Watu walicheka, mimi pia nilicheka. Nimeacha shule darasa la tatu, kwa hivyo mkiona nimezungukazunguka msidhani nimepotea. Naelekea kwenye lenzi.

Kitu ambacho Fundi alikichukia ni lenzi ya kuvuta, ile unayozungusha ikaleta kitu karibu na kukirudisha mbali. Alisema ni ya mtu mvivu, anayesimama mahali pamoja kama dalali wa ng'ombe. Yeye alitaka lenzi isiyovuta, fupi, nyepesi, ndogo kama kikombe cha kahawa. Lenzi kubwa inatisha wazee, wanakaa kama wako mbele ya polisi. Ndogo wanaisahau. Na nyumba zetu zina madirisha madogo, ndani ni giza hata saa sita mchana, na hizi lenzi ndogo zinafungua jicho sana, zinaokota mwanga pale ambapo nyingine zinalia. Kisha alisema, "Kama unataka mtu awe karibu, mwendee. Una miguu."

Yote hayo ni kweli tupu. Nimeyajaribu maisha yangu yote na ni kweli. Shida yangu na Fundi si kwamba alikuwa mwongo. Ni kwamba alikuwa mkweli siku nyingi sana.

Wakati kamera za filamu zilipokwisha na sisi tukaingia hizi za kidijitali, tulinunua zile za watu wa kawaida. Ndani ya kamera kuna kipande kinachopokea mwanga, wenyewe wanakiita sensa, na kwenye kamera zetu kipande hicho ni kidogo kuliko kilivyokuwa kipande cha filamu. Mimi hilo sikulijua. Nilijua kamera ni kamera. Fundi alinisindikiza Nairobi kwa muuzaji wa vitu vilivyotumika, na yule muuzaji akaweka juu ya meza lenzi mbili ndogo, zote fupi, zote safi. Moja iliandikwa thelathini na tano, nyingine hamsini. Wakazungumza Kizungu kidogo, yeye na Fundi. Nikauliza, "Hizi zinatofautiana nini?"

Fundi akasema, "Baba Mwende, wewe unataka kupiga wapi?"

"Ndani ya nyumba. Ntheo, harusi, familia zikikaa pamoja."

Akaisukuma ile ya thelathini na tano kwa kidole mpaka upande wa muuzaji, akaniwekea ya hamsini mkononi. "Hamsini ni hamsini," alisema.

Nanyi mnajua sisi watu wa Ukambani tulivyo na hesabu ya maji. Mtungi wa ishirini unabeba kidogo, pipa linabeba zaidi. Nilifikiri lenzi ni hivyo hivyo, yenye namba kubwa inabeba watu wengi. Sikuuliza tena. Nilirudi nimeikumbatia kama mtu aliyenunua mbuzi wa maziwa.

Lenzi ya Fundi ilikuwa imezungushiwa utepe mweusi pale penye namba. Alisema ni kwa sababu ya vumbi la Kitui. Mimi na yangu nikaizungushia utepe. Alipoiona alinipiga bega, akasema, "Sasa umekuwa fundi. Lenzi yangu na yako ni moja." Nilifurahi siku hiyo. Nawaambia ukweli, nilifurahi.

Sasa tulipokwenda kazini pamoja, ndipo mambo yalipokuwa magumu. Kwenye ntheo, upande wa kijana unaleta mbuzi, na mbuzi wakishapokelewa msichana ni mke wa watu. Wazee wanakaa ndani, akina mama ndani, chumba ni kile kile cha kila siku. Na kwetu kuna nthoni, ile haya ya heshima kati ya wakwe. Huwezi kumwambia mama mkwe wa mtu ainuke asogeze kiti ili upate nafasi. Unajibana unapoweza. Mimi nilijibana mpaka mgongo ukagusa ukuta, na ndani ya kamera naona wazee wawili na nusu. Hiyo nusu ni sikio tu. Fundi anasimama pale pale niliposimama, anabonyeza, picha zikitoka wote wamo, hata bibi aliyesinzia kwenye kona.

"Ni nini, Fundi? Mimi nakosea wapi?"

"Ni miguu," alisema. "Hujui kurudi nyuma."

Nikajifunza kurudi nyuma. Huko Zombe nilirudi nyuma mpaka nikatoka mlangoni, nikazunguka, nikapiga kupitia dirishani nikiwa nimesimama juu ya beseni lililopinduliwa. Beseni likapasuka. Akina mama walicheka mpaka mmoja akashika ubavu. Mzee wa upande wa kijana akasema, "Huyu mpiga picha wenu amekuja kutuchungulia ama kutupiga?" Kuanzia hapo nikaitwa Mzee wa Dirisha. Jina likanitangulia. Mtu akitaka picha za nje, shambani, mtu mmoja mmoja kwenye maua, ananiita mimi. Picha za ndani, zile ambazo familia inaziweka ukutani miaka yote, anaitwa Fundi.

Sikumwonea wivu. Nilisema mwenzangu ana kipawa.

Kuna jambo lingine la Zombe ambalo nimelifikiria sana. Palikuwa na familia ya Kiislamu, watu wa kutoka kaskazini mashariki, wenye duka la vitambaa na mafuta. Baba alitaka picha ya nyumba yake yote, lakini mama wa nyumba hakutaka mwanamume mgeni asimame ndani akiwatazama wakiwa wamekaa kwa raha. Mpiga picha mwingine angeondoka. Fundi alitengeneza kamera yake, akamwita binti wa pale, akamwonyesha pa kubonyeza, akamwambia, "Simama mlangoni, waambie wapumue." Sisi tukakaa nje na mzee tukanywa chai ya tangawizi. Binti akatoka na kamera. Wote walikuwa ndani ya picha, wakubwa kwa wadogo, na bibi yao mwenye miwani, na hakuna aliyekatwa. Msichana ambaye hajawahi kushika kamera.

Nilisema, tazama Fundi anavyojua kufundisha. Hivyo ndivyo nilivyosema. Mtu akishakuwa mkubwa machoni pako, hata ushahidi unauhesabu kama sifa yake.

Na alikuwa mwema, msinielewe vibaya. Mwaka mvua ilipokataa kabisa, aliniletea gunia la ndengu kwa pikipiki na hakulitaja tena. Picha za marehemu alizipiga bure, akazikuza, akazipeleka mwenyewe kwa wafiwa. Dereva mmoja wa lori aliwahi kunitukana sokoni kwa sababu picha ya mtoto wake ilitoka bila miguu, na Fundi akamwambia mbele ya watu, "Huyu ndiye mtu mwaminifu zaidi kwenye kazi hii. Mheshimu." Nililala na maneno hayo kama mtu aliyepewa blanketi.

Sasa nifike kwa Mama Mwende, mke wangu. Nilikuwa nachelewesha.

Alirudi nyumbani kutoka hospitali akiwa amebaki kidogo tu, na sote tulijua, na yeye alijua kabla yetu. Watoto wetu wote watano walikuja, kuanzia Mwende mpaka Mutheu, kitinda mimba, ambaye wakati huo alikuwa bado anavaa sare ya shule. Wanaume kwa wanawake walikuwa wanaingia kumjulia hali, na Fundi alikuja, akiwa na koti lake, bila kamera, akaketi kwenye kigoda karibu na mlango. Mama Mwende akasema, "Baba Mwende, nipige na watoto wangu. Wote, kwa picha moja. Sitaki vipande."

Tulitaka kumtoa nje. Akasema jua linamuumiza. Kwa hivyo ikawa ndani, kitanda kimegusa ukuta mmoja, mimi nimegusa ukuta wa pili. Simu zetu miaka hiyo zilikuwa zile za kuongea na kumulika tochi tu. Nikawapanga, nikawabana, nikawaambia wapumue. Mutheu alikuwa upande wa dirisha na hakuingia. Nikamvuta ndani, akatoka Mwende. Nikawapandisha wengine nyuma ya kitanda, vichwa vikaziba uso wa mama yao. Nikajaribu kukaa sakafuni. Nilikuwa natoka jasho na Mama Mwende alikuwa anachoka, naona kope zinashuka.

"Fundi," nikasema, "nifanye nini?"

Akasema taratibu, "Rudi nyuma kidogo."

"Nimegusa ukuta."

Mutheu akasogea mwenyewe pembeni, akasema, "Baba, piga tu. Mimi nitaingia nyingine."

Nikapiga. Nyingine haikuwako. Mama Mwende alilala jioni ile na hakuamka tena vizuri, na wiki hiyo hiyo tukamzika. Kwenye picha wako wanne na mama yao, na pembeni kuna kiwiko cha sare ya shule. Mutheu hajawahi kunilaumu. Picha iko ukutani kwangu, na akija huwa anakaa kwenye kiti ambacho hakiitazami.

Miaka ikapita. Nilijua kosa ni langu, miguu yangu, ujinga wangu wa kutosoma. Kisha siku moja nilikwenda Mtito Andei kumwona kijana wangu anayeendesha lori, akawa amechelewa njiani kutoka Mombasa, nikaingia studio moja ndogo karibu na kituo cha mafuta kuulizia mkanda wa kamera, wangu ulikuwa umekatika. Mwenye studio alikuwa mama mnene mwenye kitambaa cha kanisa kichwani. Akashika kamera yangu, akauliza, "Mzee, kwa nini umeifunga lenzi bandeji?"

"Vumbi."

"Vumbi linaingia kwa namba?" Akacheka, akaubandua ule utepe kwa ukucha. "Hamsini. Hii ni lenzi nzuri. Unapiga nyuso?"

"Napiga ndani ya nyumba. Familia."

Akanitazama kama mtu anayeuliza kama nimekula. "Na hii? Kwa kamera hii? Nani alikwambia?"

Akanieleza polepole, na nilielewa, kwa sababu alieleza kwa mikono. Akaniambia nikunje vidole nitengeneze tundu, nitazame ukuta. Halafu nilibane tundu, nitazame tena. Ukuta ni ule ule, mimi nimesimama pale pale, lakini pembeni kote kumekatwa. Hiyo ndiyo kamera ya sensa ndogo. Kwenye kamera za filamu hamsini iliona karibu kama jicho. Kwenye hizi zetu inakuwa ndefu, inasogeza watu, inafaa mtu mmoja, uso, bega. "Ya nyumbani ni thelathini na tano," alisema, "na chumba kikiwa kidogo sana, ishirini na nne. Namba ikishuka, nyumba inaingia." Akafungua droo, akatoa thelathini na tano yake, akaikaza kwenye kamera yangu, akanirudishia.

Nilitazama. Kaunta iliingia, na kalenda, na mlango, na mtu aliyekuwa anasubiri picha zake. Nilidhani amesogeza studio.

"Mzee, keti," alisema. "Umekuwa mweupe."

Sikumlaumu Fundi hata hapo. Njiani kurudi nilimtetea. Nilisema, huyu ni mtu wa filamu, alizoea hamsini ya zamani, alikosea kwa nia njema kama mzee yeyote. Niliponunua thelathini na tano yangu sikumwambia, ili asione aibu. Lakini yule binti wa Zombe alikuwa anarudi kichwani. Alisimama mlangoni, akawaingiza wote. Kwa lenzi gani?

Nilimtembelea mwaka jana. Kazi ilikuwa imetuishia wote wawili, sasa kila mtu ana simu yake, na Fundi alikuwa ameketi kwenye kivuli cha jiko lake huko Mbumbuni akipeta ndengu kwenye ungo. Amekonda. Mikono bado mikubwa. Aliniita "Baba Mwende" kwa sauti ile ile, akamwita mke wake alete chai, tukaulizana habari za watoto, mvua, magoti. Kisha nikasema, "Fundi, lenzi yako ilikuwa namba ngapi?"

Aliendelea kupeta. "Ile ya utepe?"

"Ile."

"Thelathini na tano."

"Ulisema ni moja na yangu."

"Nilisema."

Nikasubiri aseme alisahau, au alichanganya. Nilikuwa nimemletea hilo jibu mkononi, achukue tu. Akapuliza makapi, akasema, "Watu walikuwa wachache, Baba Mwende. Harusi za ndani ni chache. Wewe ulikuwa unapendwa na watu, unachekesha wazee. Ungekuwa na thelathini na tano, nani angeniita mimi?"

"Kwa hivyo ulijua."

"Ni kazi yangu kujua."

Mke wake akaleta chai, akaweka, akatutazama, akarudi ndani. Kwetu huachi chai ya mtu, kwa hivyo nilikunywa. Nikauliza lile nililokwenda kuuliza. "Siku ya Mama Mwende, ulikuja bila kamera. Lenzi ilikuwa wapi?"

"Kwenye koti."

"Ingeingia kwenye kamera yangu."

"Ingeingia."

"Na ulikaa."

Akaweka ungo chini. Nilimwona akitafuta pa kuweka mikono. "Nilikuwa nangoja uniite nipige mimi," alisema. "Ungesema, Fundi shika, ningetoa nikapiga. Lakini kutoa mfukoni mwenyewe, mbele ya watoto wako, ungejua yote pale pale. Na mama yao amelala hapo."

"Nilikuuliza nifanye nini."

"Uliuliza."

Kuku alikuja akaanza kula ndengu na hakuna aliyemfukuza. Kisha Fundi akauliza, kwa ile sauti yake ya kufundisha, "Ulimkata nani?"

"Mutheu."

"Alisimama upande wa dirisha?"

"Ndiyo."

Akafumba macho, akapima hewani kwa kiganja kama alivyokuwa akipima vyumba zamani. "Basi usijitese," alisema. "Chumba chako nakijua. Hapo hata thelathini na tano isingemfikia. Ungehitaji ishirini na nne, na hakuna aliyekuwa nayo. Hiyo picha hata mimi nisingeiweza."

Nilimshukuru. Ndiyo, nilimshukuru, nikamshika mkono, na barabarani nilitembea mwepesi, kwa sababu kama ni hivyo basi aliniibia kazi tu, na kazi ni kazi. Mama Mwende hakumwibia kitu.

Jumapili Mutheu alikuja na watoto wake. Baada ya chakula nilimwomba aingie kile chumba, nikasogeza kitanda pale kilipokuwa. Nikapanga viti, kimoja mahali pa Mwende, vingine mahali pa ndugu zake. Yeye nikamsimamisha upande wa dirisha. Akauliza, "Baba, tunafanya nini?" Nikamwambia asimame tu, apumue. Nikafunga thelathini na tano, nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, nikatazama.

Kitanda kiliingia. Viti vyote viliingia. Mutheu aliingia mzima, na mikono yake yote miwili, na dirisha, na kando ya dirisha kipande cha ukuta ambacho hakikuwa na kazi yoyote.